Mwanangu anamwita bibi yake “mama”. Je, nimempoteza?

Swali:

“Ninafanya kazi za ndani nje ya nchi. Nina watoto wawili wa kike. Niliondoka mdogo akiwa na miezi 14 na mkubwa akiwa na miaka saba. Mkataba wa kwanza ulikuwa wa miaka miwili. Nikarudi likizo ya mwezi mmoja, nikasaini mwingine wa miaka miwili, na sasa umebaki miezi 15. Watoto wanaishi na mama yangu mzazi, na baba yao yupo palepale, anakwenda kazini na kurudi. Mara zote mbili niliondoka alfajiri mdogo akiwa amelala, maana watu walinishauri hivyo ili asilie. Mkubwa aliamka, nikamwambia akaze moyo, sasa yeye ndiye mama wa mdogo wake. Leo mdogo ana miaka minne. Bibi yake anamwita ‘mama’, mimi ananiita kwa jina langu. Nikipiga simu ya video anakimbia, na wakimshika kwa nguvu analia. Mkubwa hana shida, ametulia, anafanya vizuri shuleni, kila ninachomwambia anajibu ‘sawa mama’. Kinachoniumiza zaidi ni kwamba huku ninamlea mtoto wa mwajiri wa umri uleule. Ninamwogesha, ninamwimbia, analala kifuani kwangu. Je, nimempoteza mwanangu? Nimwambie mama amkataze kumwita mama? Au nivunje mkataba nirudi?”

Jibu:

Dada yangu, pole. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Umeuliza maswali matatu, lakini ndani yake kuna la nne ambalo hukuliuliza, na hilo linamhusu binti yako mkubwa. Nitajibu yote matatu kwa kadiri niwezavyo, kisha nitaomba unisikilize kuhusu hilo la nne, kwa sababu ndilo linalonitia wasiwasi zaidi.

Tuanze na neno “mama” lililokuchoma. Mtoto mchanga hazaliwi akijua nani ni mama yake kwa maana tunayoijua sisi watu wazima. Anajua harufu na sauti, lakini ule mfungamano wa kumkimbilia mtu mmoja anapoogopa unajengwa polepole, na huanza kuonekana wazi kati ya mwezi wa sita na wa tisa hivi. Unajengwa kwa vitu vidogo vinavyorudiwa: analia mtu anakuja, ana njaa mtu anamlisha, ameota ndoto mbaya mtu anampapasa mgongo mpaka usingizi unarudi. Damu haihesabiki hapo. Anayekuja ndiye anayehesabiwa.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikwenda Uganda, akawafuatilia akina mama na watoto wao wachanga katika vijiji vya karibu na Kampala. Alikuwa akiingia majumbani na kukaa, akiangalia nani anambeba mtoto, nani anamnyamazisha, mtoto anamfuata nani kwa macho. Wengi wa watoto wale walikuwa na mikono mingi ya kuwalea, na bado walijenga mfungamano ulio imara; aliyeleta tofauti ni mlezi aliyeijua lugha ya mtoto na kumwitikia. Tangu hapo utafiti umeonyesha tena na tena kwamba mtoto anaweza kujifunga kwa watu kadhaa kwa wakati mmoja. Ila hawalingani. Yupo wa kwanza, yule anayetafutwa usiku homa ikipanda.

Sitakudanganya: kwa sasa huyo wa kwanza ni mama yako. Uliondoka mwanao akiwa na miezi 14, umri ambao hauachi kumbukumbu ya kusimulika. Watu wazima wengi hawakumbuki karibu chochote cha kabla ya miaka mitatu hivi. Kwa hiyo ukijiambia kwamba “amenisahau kwa sababu hanipendi”, unampa mtoto wa miaka minne kosa ambalo akili yake haikuwa na uwezo wa kulitenda.

Lakini tazama upande wa pili. Mtoto ambaye hamwiti mtu yeyote “mama”, anayemfuata kila mgeni, asiyelia mlezi wake akiondoka, huyo ndiye angenitisha. Watoto wanaoumia zaidi ni wale waliopitishwa mikono hii na hii bila mmoja kudumu. Wako amepata wa kudumu. Anajua kupenda, anajua kuna mtu akililia atakuja, na mtoto aliyejua hilo mara moja anaweza kujifunza kulitarajia kwa mtu wa pili. Hujampoteza. Mmeachana njiani, na mama yako amemshika mkono.

Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni hapana, usimkataze. Ukimnyima neno hilo hatalihamishia kwako. Atakachojifunza ni kwamba kumpenda bibi ni kosa, na kwamba wewe ndiye uliyelileta kosa hilo. Hapa hatuondoi, tunaongeza. Umesema anakuita kwa jina lako. Nina hakika analitamka vilevile anavyolisikia. Waombe watu wa nyumbani waache kukutaja kwa jina mbele yake. “Mama amepiga.” “Hii mama ameituma.” “Mama alikuwa anakubeba hapa, ukiwa mdogo hivi.” Mama yako mwenyewe ndiye mwenye ufunguo, kwa sababu mtoto humsoma usoni kabla ya kuamua nani ni salama. Akisema kwa moyo mweupe, “Mimi ni bibi yako na ninakupenda, yule ni mama yako na anakupenda,” mtoto anapata ruhusa ya kuwapenda nyote wawili. Zungumza naye kwanza, na zungumza naye kama mtu anayekudai shukrani. Yamkini naye anaogopa siku utakayorudi umchukue.

Sasa nije kwenye jambo ambalo umeliandika kwa mstari mmoja tu: uliondoka akiwa amelala, mara mbili.

Waliokushauri walikutakia mema. Ushauri huo nimeukuta katika nyumba nyingi sana, na sababu ni ileile, mtoto asilie. Lakini kulia wakati wa kuagana ndiko kunakomsaidia mtoto kuelewa kwamba jambo limetokea, nani ameondoka, na nani amebaki kumfuta machozi. Mtoto anayeamka akakuta pengo anajifunza kitu kingine kabisa: kwamba watu hutoweka ukifumba macho. Mara ya pili alikuwa na miaka mitatu na ushee. Alikuwa amekaa nawe mwezi mzima, na kwa namna unavyoandika nadhani wiki za mwisho alikuwa ameanza kukuzoea. Kisha asubuhi moja haupo. Akikuona leo kwenye simu anakimbia. Mimi sioni chuki hapo. Ninaona mtoto mwenye akili timamu aliyegundua kwamba mtu huyu huja, hukufanya umzoee, halafu hupotea.

Katika miaka ya 1940 na 1950 hospitali nyingi za Uingereza ziliwabana wazazi wasiwatembelee watoto wadogo waliolazwa. Sababu ilikuwa hiyohiyo, kwamba mzazi akija mtoto analia. James Robertson, mfanyakazi wa ustawi wa jamii aliyekuwa akifanya kazi na daktari John Bowlby, alikaa wodini akiwaangalia watoto hao siku baada ya siku. Akaona wakipita hatua tatu. Kwanza mtoto analia na kupiga kelele, anautazama mlango. Kisha kilio kinapungua, anajikunja, anakataa kucheza. Mwisho anaonekana amepona: anakula, anatabasamu, hasumbui mtu. Wauguzi walikuwa wakiiona hatua hii ya tatu wanasema, “Ametulia.” Lakini mama yake akija, mtoto hamwangalii, kana kwamba ni mgeni aliyepita. Robertson na Bowlby ndio waliosisitiza kwamba utulivu ule haukuwa amani. Mtoto alikuwa ameacha kuomba.

Nimekusimulia haya kwa sababu ya neno hilo. Umelitumia wewe mwenyewe, na hukulitumia kwa mdogo. Mdogo analia, anakimbia, anakuita kwa jina, yaani bado anabishana nawe. Uliyesema “ametulia” ni mkubwa.

Dada, mtoto wa miaka saba aliamka alfajiri akamwona mama yake na mizigo mlangoni. Alikuwa na kilio chake, na kabla hakijatoka akapewa kazi: kaza moyo, wewe ndiye mama. Najua kwa nini ulisema. Ulikuwa unavunjika, ulitaka kumwachia mdogo mtu wa kumwangalia, na aliyekuwa mbele yako ni yeye. Huenda ulimwona mkubwa kuliko alivyokuwa. Lakini mtoto wa umri ule huichukua kauli ya mama yake anayeondoka kama kiapo. Tangu siku hiyo kila ukipiga simu anakupa taarifa ya kazi: mdogo amekula, mdogo ameoga, mimi sijambo, sawa mama. Na kila unapomsifu kwa kutokuwa na shida, unamhakikishia kwamba shida zake hazina mahali pa kukaa.

Mtafiti wa familia wa Marekani, Pauline Boss, alianza miaka ya 1970 kuchunguza familia za wanajeshi waliopotea vitani Vietnam, watu wasiojulikana kama ni wazima au wamekufa. Aliona kwamba kuna hasara isiyoruhusu mtu kuomboleza, kwa sababu aliyeondoka hayupo lakini pia hajaondoka. Baadaye wazo hilo lilitumika kuwaelewa hata watu waliotenganishwa na uhamiaji. Mimi huuita msiba usio na matanga. Mama yupo, anaongea kwenye simu, ametuma ada. Nani atamruhusu binti huyu kulia? Atamlilia nani? Akilia ataonekana hana shukrani.

Mwanasosholojia Rhacel Salazar Parreñas, aliyezungumza na watoto wa Ufilipino ambao mama zao hufanya kazi nje, alikuta kazi ya malezi ikiwaangukia mabibi, mashangazi na mabinti wakubwa, huku baba wengi wakibaki pembeni. Ukiisoma barua yako kwa makini utamkuta mumeo katika sentensi moja tu: anakwenda kazini na kurudi. Sijui kama ni mtu wa pembeni kweli au ni wewe tu hukumtaja. Ila ninajua kwamba katika nyumba iliyo na baba mzima, mtoto wa miaka kumi hapaswi kuwa mama. Kazi uliyompa binti yako ihamie kwa baba yake. Na mazungumzo yenu ninyi wawili, kama yamebaki kuwa ya pesa imefika au haijafika, yafufueni. Tengeni simu moja kwa wiki ambayo hakuna kuuliza bei wala deni. Pesa iwe na siku yake. Kuna mengi ya kusema kuhusu ndoa ya mbali, lakini hukuniuliza hilo, nami sitalilazimisha hapa.

Kwa binti yako mkubwa, fanya hivi. Mpigie yeye peke yake, mdogo asiwepo, bibi asiwepo. Mwambie kwa maneno yako kitu kama hiki: “Siku ile nilipoondoka nilikwambia uwe mama. Nilikosea. Wewe ni mtoto wangu, na kazi ya kumwangalia mdogo wako ni ya baba na bibi. Nakuomba uirudishe.” Kisha nyamaza. Usimuulize amejisikiaje, usilie kupita kiasi, kwa sababu akiona umevunjika atarudi kazini palepale kukutunza wewe. Huenda akajibu “sawa mama”. Usikate tamaa. Wiki ijayo mpigie tena peke yake, mwulize jambo lisilohusu mdogo wala shule: rafiki yake ni nani siku hizi, nani anamkera. Siku atakayokukasirikia, akakwambia “kwani wewe unajua nini, haupo,” utaumia sana. Ipokee. Mwambie, “Ni kweli, sipo, na una haki ya kukasirika.” Hapo ndipo mlango unapofunguka.

Turudi kwa mdogo na simu. Mtoto wa miaka minne hajui kuzungumza kwenye simu kwa sababu mazungumzo si namna yake ya kuwa na mtu. Yeye huwa na mtu kwa kucheza. Sisi wazazi wa mbali tunapiga tukiwa na kiu, tunamwaga maswali: umekula, umeoga, unanipenda, unanikumbuka? Kwa mtoto huo ni mtihani, na swali la mwisho hana jibu lake. Hakuna kumshika kwa nguvu tena. Kila anaposhikwa, simu yako inazidi kuwa kitu cha kukimbia.

Nilikuwa na baba mmoja aliyefanya kazi melini, binti yake wa miaka minne na nusu alikuwa hataki hata kuiona simu. Siku moja baba alipiga mtoto akiwa nami ofisini kwangu. Simu ikaegemezwa kwenye kikombe, mtoto akageuka ukutani. Baba akaishiwa maneno. Alikuwa na shati lililong’oka kifungo, basi kwa kukosa la kufanya akachukua sindano akaanza kukishona, kimya, uzi ukimponyoka kila mara. Baada ya dakika kama tatu mtoto akageuka nusu. Kisha akasogea. Kisha akaishika shati yake mwenyewe, akaisogeza mpaka karibu na kioo cha simu, akaonyesha kifungo cha juu. Hakusema neno. Baba akasema, “Chako kina matundu manne. Changu mawili.” Wakahesabu. Simu nzima ilikuwa hiyo. Kwa miezi iliyofuata walihesabu vifungo, kisha ngazi, kisha nyota, na siku baba aliporudi mtoto alimjia na kiatu chenye matundu ya kamba.

Kwa hiyo punguza maneno, ongeza jambo la kufanya. Simu iegemezwe mahali, yeye aendelee na mchezo wake, wewe uwepo tu. Chora kitu kila siku hiyohiyo ya wiki. Mfiche mwanasesere aseme yuko wapi. Rekodi sauti yako ukimsimulia hadithi fupi moja, hiyohiyo kila usiku, bibi amwekee kabla ya kulala. Mtoto hachoki kusikia kitu kilekile, anachoka kutojua kitakachofuata. Dakika kumi zinatosha, ila ziwe za siku na saa ile ile. Simu fupi inayokuja siku zote ina nguvu kuliko saa mbili za siku ulipopata nafasi. Na kama siku fulani hutaweza, toa taarifa mapema, usimwache ameketi.

Kitu kimoja zaidi kuhusu simu: usipige ukiwa umembeba mtoto wa mwajiri, wala sauti yake isisikike nyuma yako ikiwa unaweza kuepuka. Mtoto wa miaka minne ataona kifua cha mama yake kimekaliwa.

Na wewe usijihukumu kwa ajili ya mtoto huyo. Mwanasosholojia Arlie Hochschild aliandika mwaka 2000 kuhusu mnyororo huu wa malezi: mwanamke mmoja anaacha wanawe alee wa mwingine, na wake wanalelewa na mwingine tena. Mnyororo huo hukuutengeneza wewe. Upendo unaompa mtoto huyo haukuibwa kwa wako, maana upendo hauko kwenye debe moja ukichota hapa unapungua kule. Unachokikosa ni muda na mwili wako kuwa mahali pawili. Hicho ni huzuni, na huzuni inaruhusiwa. Ila isigeuke zawadi. Masanduku ya vitu yanayotumwa kwa kujiona mkosaji humfundisha mtoto kwamba mama ni mzigo unaofika. Tuma kitu kidogo chenye hadithi yenu, kama vile penseli ya rangi ileile unayochorea wewe.

Swali la mkataba. Wapo watakaokwambia rudi kesho, wapo watakaokwambia vumilia kwa ajili ya ada. Wote hawatakaa kwenye maisha yako. Kwa uliyoniandikia, sioni hatari inayodai uvunje mkataba leo. Mdogo ana mlezi anayempenda, baba yupo, na miezi 15 ikitumiwa vizuri inaweza kutengeneza mengi. Ukirudi ghafla na deni, au bila chochote cha kushika, utarudi na mwili uliopo na akili isiyopo, na watoto huligundua hilo haraka. Lakini kusaini mkataba wa tatu ni jambo jingine, na hapo nitakuwa mkweli kwako: nisingekushauri. Binti yako atakuwa na miaka 11 na ushee mkataba huu ukiisha. Yupo mlangoni mwa ujana. Miaka mingine miwili kutoka hapo ni miaka asiyoweza kukupa tena. Kama kusaini hakuepukiki, angalau kusiwe kwa mazoea. Kaeni na mumeo mwandike fedha hii ni ya nini hasa, kiasi gani kinatosha, na mwezi gani mtasema basi. Kazi ya nje isiyo na kiasi cha kutosha haina siku ya kuisha.

Wengine huuliza kuhusu kuwaleta watoto. Kwa wafanyakazi wa ndani vibali vingi haviruhusu familia, na hata pale vinaporuhusu, kumng’oa mtoto wa miaka minne kutoka kwa bibi yake na kumleta kwenye nyumba ambayo mama hayupo mchana kutwa kungekuwa kumpa hasara ya pili. Ukiwahi kulifikiria, liwe jambo la kupangwa mwaka mzima.

Kabla ya uamuzi wowote, usome upya mkataba wako: nani analipa tiketi ya kurudi, taarifa ya kuacha kazi ni ya muda gani, likizo ya katikati ipo au haipo. Omba hiyo likizo hata kama haijaandikwa. Mwajiri ambaye mwanawe unamlea vizuri huenda akakubali wiki tatu kuliko kukupoteza. Mkataba wa Kimataifa wa Wafanyakazi wa Ndani namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unasema mfanyakazi wa ndani ana haki ya kukaa na hati zake za kusafiria mwenyewe, na kupata mapumziko ya angalau saa 24 mfululizo kila wiki. Si nchi zote zimeuridhia, kwa hiyo ulizia sheria ya hapo ulipo, lakini jua kwamba unachokiomba si upendeleo. Na siku hiyo ya mapumziko ndiyo iwe siku ya simu zako.

Ukija likizo, au ukirudi moja kwa moja, njoo taratibu. Najua mikono yako itakuwa inawasha kumbeba. Usimkimbilie. Kaa chini, usawa wake, mpe bibi salamu ndefu ya furaha mbele yake ili aone ninyi ni wamoja, na mwache akutazame akiwa amejificha kwenye nguo ya bibi. Usiku wa kwanza alale anapolala siku zote. Anza na vitu vidogo: kumfunga viatu, kumpa maji, kisha kuoga, kisha hadithi ile ya kwenye rekodi, safari hii mdomo wako ukiwa unaonekana. Bibi asitoweke hata siku moja. Utakaporudi kabisa, akiondoka kwenye maisha ya mtoto ghafla atakuwa mama wa pili kutoweka. Baada ya wiki kadhaa mtoto anaweza kuanza kukojoa kitandani tena, kukung’ang’ania, kukupiga, kugoma. Watu watasema umemharibu. Mara nyingi ni dalili kwamba ameanza kukuamini, maana mtoto hamwonyeshi ubaya wake mtu ambaye anadhani ataondoka nao.

Na ukiondoka tena, aga. Mchana, akiwa macho, mkiwa mmemwambia siku chache kabla. Mwambie unakwenda wapi, nani atabaki naye, na lini atasikia sauti yako. Usimwambie “ninakuja sasa hivi”. Usimtajie tarehe ya kurudi ambayo mwajiri anaweza kuibadilisha. Atalia, nawe utalia, na bibi atambeba. Mkubwa naye aagwe kama mtoto, akumbatiwe mpaka yeye mwenyewe aachie, asipewe kazi yoyote.

Yapo mambo ambayo barua haiwezi kuyatibu. Mpelekeni mdogo kwa daktari wa watoto au mshauri wa familia ikiwa ameacha kucheza, ameacha maneno aliyokuwa nayo, hali chakula vizuri au halali usingizi kwa wiki nyingi. Kwa mkubwa msisubiri: akilalamika kichwa au tumbo kila mara bila ugonjwa kuonekana, akijitenga na rafiki zake, masomo yakishuka ghafla, akijiumiza, au akisema angependa asiwepo, baba yake ampeleke siku hiyohiyo. Ikiwa utasikia dalili yoyote kwamba mtu anamdhuru mmojawao, hiyo ndiyo sababu ya kuvunja mkataba bila kuhesabu, na baba achukue hatua wakati wewe unatafuta tiketi. Wewe nawe, ukiona usingizi umekimbia, unalia kila siku, au mawazo ya kufa yanakuja, mtafute daktari hapo ulipo. Na ikiwa pasipoti yako wameishika, hulipwi au unapigwa, nenda ubalozini kwenu au kwenye ofisi ya kazi ya nchi hiyo.

Wiki hii anza na simu mbili tu. Ya mama yako, ya kushukuru. Na ya binti yako mkubwa, peke yake.